Kuaga Meli Kabla Haijazimwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, tarehe 11 Novemba 2008, Queen Elizabeth 2, meli ya abiria ya kampuni ya Cunard ya Uingereza, ilipwelewa. Ilikuwa ikiingia Southampton kwa mara ya mwisho, bandari iliyoitumikia kwa miaka 39, ikagusa fungu la mchanga karibu na Calshot, pale njia ya meli inapokata kona kali kabla ya kuelekea gatini. Matagi yakaja kuivuta. Maji yalikuwa yanajaa, na ilipofika saa kumi na mbili na dakika kama kumi, chombo kikawa kinaelea tena.

Jioni ya siku hiyohiyo iliondoka, fataki zikipasuka juu ya dohani lake jekundu, haikurudi tena.

Ni rahisi kusema meli iligoma kwenda. Lakini meli ya mita 293, yenye karibu mita 10 za mwili wake chini ya maji na ghorofa kadhaa juu yake, ni ukuta mbele ya upepo. Ikipunguza mwendo ili ikate kona, usukani nao unapungua nguvu, kwa kuwa usukani hufanya kazi kwa maji yanayoupita. Upepo ukiwa mkali, mita chache za kusogea pembeni zinatosha. Hilo halina siri.

Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni jambo jingine. Wale waliojaa gatini na kwenye sitaha wakilia walikuwa wanaaga kitu gani hasa?

## Tikiti ya kwenda bila kurudi

Habari ya kuuzwa ilitangazwa Juni 2007: kampuni ya Dubai iitwayo Istithmar imeinunua kwa dola milioni 100 za Marekani, na meli itageuzwa hoteli. Nafasi za safari ya mwisho, kutoka Southampton hadi Dubai, ziliisha kwa dakika 36.

Abiria wanaogombea safari kama hiyo si watalii wa kawaida. Wengi wao wanaijua meli kuliko baharia aliyeanza kazi mwezi uliopita. Wanajua upande upi wa sitaha unapata kivuli meli ikielekea magharibi, na meza ipi ya mkahawani inatetemeka mwendo ukipita fundo 28 (fundo ni kipimo cha mwendo wa meli). Ndiyo maana kuwasimamia ni kazi ngumu. Kila mmoja anataka kuondoka na kipande.

Hapa ndipo machozi yanapokutana na karatasi. Mikataba inayotumika sana katika kuuza meli ina kifungu kinachoeleza kwamba kila kitu ambacho ni mali ya meli, kilichomo ndani na hata vipuri vilivyohifadhiwa nchi kavu, kinakwenda kwa mnunuzi. Vinavyobaki kwa muuzaji ni vichache. Anaruhusiwa kushusha sahani, vijiko na mashuka yenye jina au bendera yake, alimradi aweke vingine vya aina hiyo visivyo na alama. Mali binafsi za nahodha na mabaharia hazihesabiwi. Kwa hiyo anayefungua kibao cha namba ya chumba kwa bisibisi usiku wa mwisho hamwibii yule aliyemuuzia tikiti. Anamwibia mtu wa bandari anayokwenda.

Mahali panapojua kazi, vitu vidogo vinavyobanduka hutolewa mapema, vikaandikwa kwenye orodha, na kilicho halali ya muuzaji kikauzwa kwa wazi. Wanaopuuza hilo hujikuta wanakabidhi meli yenye milango isiyo na vitasa.

## Futi moja kwa kila mwaka

Meli inayostaafu hupandisha bendera ndefu nyembamba, mfano wa utepe, inayoning'inia kutoka mlingotini. Desturi hii ilitoka kwenye manowari: ilikuwa ishara kwamba mabaharia wamemaliza muda wao na wanalipwa mshahara wao waende makwao. Queen Elizabeth 2 ilipandisha ya futi 39, futi moja kwa kila mwaka wa kazi. Queen Mary, meli ya Cunard iliyoitangulia, ilipoondoka Southampton tarehe 31 Oktoba 1967 kwenda kuegeshwa Long Beach, California, ilikuwa na ya futi 310: futi kumi kwa kila mwaka kati ya miaka 31.

Ya pili inapendeza zaidi pichani. Kwa kazi ni balaa. Kitambaa cha karibu mita 95 kikilowa mvua kinakuwa kizito, upepo ukigeuka kinajizungusha kwenye antena, na lazima pawe na mtu wa kukichunga. Ndiyo maana bendera hizo hupandishwa wakati wa kuingia na kutoka bandarini, kisha huteremshwa meli ikifika bahari kuu.

Queen Mary ilizunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, kwa sababu upana wake wa futi 118 haukuweza kupita Mfereji wa Panama, ambao malango yake ya wakati huo yalikuwa na futi 110. Ilijengwa kwa baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, ikapitishwa kwenye joto la tropiki na abiria ndani. Mabasi mawili mekundu ya ghorofa ya London yalifungwa kwenye sitaha ya nyuma, kana kwamba meli yenyewe haikuwa kumbukumbu ya kutosha.

## Ile ya mvuke ilishaondoka zamani

Nirudi kwenye swali.

Meli iliyoanza kazi Mei 1969 ilikuwa ya mvuke. Ilijengwa Clydebank, Uskoti, ikiwa na boila tatu na seti mbili za turbaini zenye jumla ya nguvu farasi 110,000. Turbaini hizo ziliharibika kwenye majaribio ya mwisho wa mwaka 1968, na Cunard wakakataa kuipokea meli mpaka zitengenezwe.

Oktoba 1986 ilivuka Atlantiki kwa mvuke kwa mara ya mwisho, ikaenda Bremerhaven, Ujerumani. Kule waliikata, wakatoa boila, wakatoa turbaini. Badala yake ziliingizwa injini tisa za dizeli za MAN B&W, kila moja ikiwa na silinda tisa, zikikalishwa juu ya vizuizi vya kumeza mtikisiko. Injini hizo hazizungushi rafadha moja kwa moja. Zinazalisha umeme, na umeme unaendesha mota mbili za megawati 44 kila moja, mota moja kwa kila mhimili. (Waliweka pia magurudumu ya mapanga ya ziada nyuma ya rafadha ili kuokoa mafuta. Mapanga yalikatika kwenye majaribio, yakaondolewa, na hakuna aliyeyakumbuka kwa huzuni.)

Dohani nalo likapanuliwa, kwani bomba tisa za moshi zisingeenea kwenye lile la zamani jembamba. Lile dohani nene ambalo watu wengi waliliona mwaka 2008 wakadhani ndilo la asili, lilizaliwa 1987.

Basi mwaka 2008 moyo wa meli ulikuwa na miaka 21, si 39.

Na bado kuna kifo kingine katikati. Mwaka 2004 meli mpya, Queen Mary 2, ilichukua safari za kawaida za Southampton na New York. Tangu hapo Queen Elizabeth 2 ilibaki na safari za matembezi na mizunguko ya dunia. Kazi iliyojengewa, ya kupeleka watu ng'ambo ya bahari kwa ratiba, ilikwisha miaka minne kabla ya fataki.

Nilipofika hapo nilianza kuwaona wale walioaga kama watu waliochelewa mazishini. Hesabu ya haraka inakubali: mvuke 1986, ratiba 2004, na mapambo ya ndani yalibadilishwa mara kadhaa kati ya hapo. Kilichobaki ni mwili na jina.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro.

Mwili wenyewe si kitu kidogo. Meli ya kuvuka bahari kwa ratiba haina hiari ya kukwepa dhoruba kama meli ya matembezi. Ndiyo maana hupewa mabamba mazito ya chuma, omo (sehemu ya mbele) refu lililochongoka, kina kikubwa majini, na akiba ya mwendo: hii ilikwenda fundo 28 na nusu kikazi na iliweza kupita 32. Mwaka 1995, kimbunga Luis kikiwa Atlantiki, ilikutana na wimbi lililokadiriwa futi 90, ikatoka upande wa pili. Namna inavyopanda wimbi na kushuka haikubadilika Bremerhaven. Abiria wa 1969 na wa 2008, wangefumba macho wakiwa wamelala, wangeijua kwa mwendo wake.

Kuna la pili: ilikuwa inajitegemea. Ilijizalishia umeme, ikajitengenezea maji matamu kutoka baharini, ikaendesha viyoyozi vyake na taa zake, saa 24. Abiria hausikii mngurumo huo baada ya siku ya kwanza, kwa sababu hauachi. Ninaamini hicho ndicho walichokuwa wanakiaga bila kukitaja: mji unaojiendesha. Injini zikiwa za mvuke au za dizeli, mji ulikuwa uleule.

## Chuma na umri wake

Kwa nini zinastaafishwa, nitasema kwa ufupi, maana wengi mnajua.

Mabamba huliwa na kutu. Wakaguzi hupima unene wake kwa mawimbi ya sauti, na palipopungua kupita kiasi panakatwa na kuwekwa chuma kipya. Kadiri meli inavyozeeka, ukaguzi mkubwa wa kila miaka mitano unakuwa ghali kuliko uliopita. Queen Elizabeth 2 ilikuwa na tatizo lake pia: ghorofa zake za juu ni za alumini, ili kupunguza uzito na kuifanya ielee juu zaidi. Kina chake kilikuwa futi 32 dhidi ya 39 za Queen Mary, ndiyo maana iliweza kuingia bandari nyingi zaidi. Lakini alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini inaliwa. Kiungo kati ya hizo mbili lazima kiwe na kitu cha kuzitenga, na kitu hicho kinahitaji kuangaliwa maisha yote ya meli. Zaidi ya hapo, alumini huchoka na kupasuka nyufa kwenye kona za madirisha mapema kuliko chuma.

Halafu kanuni za kimataifa za usalama wa moto zilizoanza kubana Oktoba 2010 zilizifungia milango meli nyingi za zamani zilizojengwa kwa mbao ndani. Na mafuta: hata baada ya kuwekewa dizeli, galoni moja iliisogeza meli hii futi zipatazo 50 tu.

Kwa maoni yangu, yote hayo yalikuwa nyongeza. Dola milioni 100 kwa meli ya miaka 38 ni bei ambayo mwenye akili timamu haikatai.

## Baada ya fataki

Iliingia Dubai tarehe 26 Novemba 2008, ikisindikizwa na msururu wa vyombo na ndege kubwa ya Airbus A380 ikipita juu. Kesho yake ikakabidhiwa.

Makabidhiano ya meli ni kazi ya mchana mmoja iliyoandaliwa kwa miezi. Wapiga mbizi huwa wameshaangalia mwili chini ya maji. Watu wa mnunuzi huwa wamekaa ndani siku kadhaa wakijifunza swichi na valvu. Siku yenyewe, mafuta yaliyobaki hupimwa tangi kwa tangi kwa utepe wenye uzito unaoshushwa kwenye mabomba ya kupimia, kisha hesabu inasahihishwa kwa joto la mafuta na mlalo wa meli, kwa kuwa mnunuzi anayalipia kando. Vilainishi vilivyo kwenye mapipa yasiyofunguliwa vinahesabiwa vivyo hivyo. Pesa zikithibitishwa benki, hati ya kukabidhi na kupokea inasainiwa ikiwa na saa na dakika. Bendera ya zamani inashuka. Jina la bandari ya usajili nyuma ya meli linafutwa. Mabaharia wanasaini kuacha kazi.

Kinachokwenda kombo mara nyingi ni mafuta. Kila upande una kipimo chake, na tofauti ya sentimita mbili kwenye tangi pana ni tani kadhaa.

Mpango wa Dubai ulikuwa kuiegesha Palm Jumeirah, kisiwa cha kutengenezwa. Msukosuko wa fedha wa 2008 ukaukata. Meli ikakaa Port Rashid mwaka baada ya mwaka, na hoteli haikufunguliwa hadi Aprili 2018.

Hapo nilibadili mawazo yangu kuhusu neno "kuokolewa", ambalo husemwa kwa meli iliyoponea kukatwa ikawa hoteli. Meli iliyosimama haipumziki. Viyoyozi vikizimwa kwenye joto la Ghuba, unyevu unaingia ndani ya kuta, ukungu unashika mazulia na mbao ndani ya majuma. Maji yasiyotembea ndani ya mabomba yanayala. Chini ya maji, vipande vya zinki au mfumo wa umeme wa kuzuia kutu lazima viendelee kutunzwa, na kuipandisha chelezoni ili kupaka rangi ni safari ambayo meli isiyo na injini hai haiwezi kuifanya bila kuvutwa. Queen Mary, iliyotia nanga Long Beach tangu Desemba 1967, ilitolewa boila zake na mitambo mingi. Uchunguzi wa 2017 ulikadiria matengenezo yanayofika dola milioni 289. Hiyo ni karibu mara tatu ya bei iliyouziwa Queen Elizabeth 2 ikiwa inatembea.

Upande wa pili wa mizani ni Canberra, meli nyingine ya abiria ya Uingereza. Iliagwa Southampton mwishoni mwa Septemba 1997 kwa shangwe kama hizo, na mwezi uliofuata ilikuwa Gadani, Pakistan, kwa wakata vyuma. Hata kule haikufa upesi. Kina chake kilizuia isipande ufukweni kama meli nyingine, na ilivyojengwa imara ikachukua karibu mwaka kukatwa badala ya miezi mitatu iliyotarajiwa.

Na kuna meli iliyoitwa Uganda, ambayo wasomaji wa pwani yetu wana sababu ya kuikumbuka. Ilijengwa Glasgow mwaka 1952 kwa ajili ya safari za London na Afrika Mashariki, baadaye ikawa meli ya wanafunzi, na mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falkland. Ilipouzwa kwa vyuma chakavu ilipewa jina Triton kwa safari moja tu ya kwenda Taiwan. Agosti 1986, kabla ya kukatwa, kimbunga Wayne kiliitupa pwani ya Kaohsiung ikalala ubavu.

Ipi kati ya hizi ilipata mwisho mwema? Sikuwa na shaka nilipoanza kuandika. Sasa ninayo. Hoteli inamwezesha mjukuu kugusa ukuta ambao babu yake aliugusa, na hilo lina thamani. Lakini aliyeipenda meli kwa mwendo wake hatakuta mwendo kule. Gadani hakuna anayedanganywa.

## Kwa atakayepanda ya mwisho

Meli nyingine zitastaafu, na kuna msomaji wa hapa atakayepata tikiti. Ya kuzingatia ni machache.

Usiku wowote wa bahari kuu, shuka sitaha ya chini kabisa inayoruhusiwa, upande wa tezi (nyuma ya meli), uweke kiganja ukutani. Mihimili ya rafadha iko karibu nawe hapo. Rudi tena mwendo ukipunguzwa kuingia bandarini, utahisi mpigo ukibadilika. Ukirekodi sauti, rekodi huko, usirekodi honi. Honi kila mtu anayo.

Wakati wa kuondoka gatini, usisimame upande wa fataki. Simama penye kamba. Utaona kamba nyingi zikitolewa kwanza, zinabaki chache za omo, za tezi na za mshazari, kisha amri inatoka na zote zinaachiwa kwa mpangilio, huku matagi yakishikilia. Zile honi tatu ndefu za kwaheri zitafuata, na vyombo vingine vitajibu. Ziba masikio ukiwa sitaha ya juu.

Usibandue kitu. Omba orodha ya kula ya siku, chati ya njia iliyosainiwa na nahodha kama inatolewa, ufunguo wa kadi wa chumba chako. Hivyo havimo kwenye orodha ya mnunuzi.

Na kama unataka kumshukuru mtu, nenda kwa watu wa injini siku mbili tatu kabla ya kufika. Mhudumu wa chumba na nahodha utawakuta mlangoni siku ya kushuka, wakipeana mikono na kila mtu. Mhandisi mkuu hutamwona. Atakuwa chini na mtu wa mnunuzi, utepe mkononi, wakibishana juu ya sentimita mbili za mafuta.